Paa linavuja chumbani kwa mama, mafundi watatu wameshindwa

Shikamoo mzee wangu,

Naomba unisikilize, maana hapa nilipo nimechoka. Naishi Tabata Kimanga, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Aliipaua mwaka 1996 kwa mabati ya geji 28, yale ya migongo midogo, na hadi anafariki alikuwa akitukumbusha kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimalizika bila tone kuingia ndani. Sisi watoto wake tumekua hatujui kuamka usiku kutega beseni.

Mwaka 2021 kaka yangu mkubwa aliongeza vyumba viwili vya kupangisha kwa nyuma. Ukuta mmoja wa vyumba hivyo ndio huohuo wa chumba cha mama. Mwaka 2024, wiki ile ya Kimbunga Hidaya, maji yakaanza kuingia chumbani kwa mama, yakidondoka pembeni ya taa. Tangu hapo kila masika ni hivyo. Ajabu yake ni kwamba si kila mvua. Vuli iliyopita zilinyesha mvua kubwa, nyingine zaidi ya saa tatu mfululizo, hakikudondoka kitu. Wiki iliyopita, saa nne usiku, ikaja mvua ya upepo kutokea nyuma ya nyumba, upande wa uwanja wa ndege. Nusu saa haikwisha, beseni limejaa.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza alipaka lami juu ya bati, usawa wa pale panapodondoka. Wa pili alipaka silikoni kwenye kila msumari ulio juu ya chumba kile. Wa tatu alishindilia sementi kote ambako mabati mapya yanagusa ukuta wa zamani, kisha akaniambia mabati yote yamechoka, ning'oe paa zima. Makadirio yake ni milioni tano na nusu. Sina hela hiyo. Kaka naye nikigusia tu habari ya vyumba vyake anaona namlaumu, na sasa hata simu zangu anachelewa kupokea.

Mama ana miaka 74. Kitanda tumekifunika nailoni, yeye analala kwenye kochi sebuleni. Nimemwomba ahamie chumbani kwangu na wajukuu, amekataa, anasema hiki ndicho chumba alichowekwa na mumewe. Halafu juzi, asubuhi baada ya mvua, niligusa swichi ya taa ya chumba hicho, mkono ukatetemeka kama nimeshikwa na umeme.

Mzee wangu, nianzie wapi?

Binti wa Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na umpe pole mama.

Utaanzia kwenye hiyo swichi, na utaanza leo. Nimesoma barua yako yote, na jambo uliloliandika mwisho ndilo lililonitoa jasho. Maji yanapodondoka pembeni ya taa, yanaingia pia kwenye bomba la waya na kushuka nalo ukutani hadi kwenye boksi la swichi. Ule mtetemo ni umeme uliopata njia kupitia unyevu. Nenda kwenye mein swichi, zima sakiti ya chumba hicho. Kama hujui ni ipi, zima yote, tochi zitatosha kwa usiku mmoja. Usiiguse ile swichi tena, watoto wasiingie humo, na umtafute fundi umeme mwenye leseni akague waya wa darini na boksi la ukutani. Kukauka kwa ukuta kusikudanganye. Waya uliolowa kwenye maungio unaweza kubaki na kutu na unyevu siku nyingi baada ya jua kutoka. Paa litasubiri, hili halisubiri.

Tuje kwenye paa sasa. Mafundi wako watatu wametofautiana vifaa, lakini kosa lao ni moja: wawili wametibu mahali maji yanapodondoka, wa tatu ameshindilia sementi kwa kubahatisha, na hakuna aliyetafuta mahali yanapoingilia. Hivi ni vitu viwili mbalimbali, na katika miaka yangu ya kupaua ni mara chache sana nimevikuta sehemu moja.

Nikueleze safari ya tone lenyewe. Maji yakipenya kwenye bati hayadondoki hapohapo. Yanang'ang'ania upande wa chini wa bati na kuteremka nalo mpaka yakutane na papi, zile mbao ambazo bati limepigiliwa. Yakifika kwenye papi yanatambaa pembeni hadi kwenye kenchi, mbao za ulalo zinazobeba papi, yanashika mgongo wa kenchi na kuteremka nao, na yanaachia pale yanapokuta kikwazo: msumari uliochomoza, fundo la mbao, kiungo. Hapo ndipo yanaangukia dari. Nayo dari haikupigwa sawasawa kama maji kwenye sahani, ina mahali palipobonyea kidogo, basi yanakimbilia huko. Tundu la taa ndilo mlango ulio wazi tayari. Niliwahi kufuatilia vuja moja Magomeni, maji yanadondoka mbele ya kabati la vyombo sebuleni. Tundu nililikuta kwenye kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, karibu mita nne kutoka pale. Mwenye nyumba alikuwa amekwishabadili mabati mawili yasiyo na kosa lolote.

Wewe umenisaidia kuliko mafundi wako, kwa sababu umeandika ni mvua ipi inavuja na ipi haivuji. Tundu la msumari lililo wazi juu ya bati halichagui mvua. Ikinyesha ya upepo litavuja, ikinyesha ya wima litavuja, hata manyunyu ya muda mrefu yataonyesha alama. Paa linalovuja kwa mvua ya upepo tu lina mahali ambapo maji yanasukumwa kupanda: chini ya kofia, kwenye malaliano ya mabati, au pale paa linapokutana na ukuta au na paa jingine. Na wewe unasema vuli ni salama, masika ni balaa, na mvua mbaya ilitokea nyuma ya nyumba. Watu wa pwani tunazijua pepo zetu. Wakati wa vuli upepo unaelekea kuwa wa kaskazi. Masika ikikolea, Aprili na Mei, kusi inaanza kushika, na mvua inayoletwa na kusi inapiga nyumba yako mgongoni, palepale vyumba vya kaka yako vilipoungana na paa la baba.

Nadhani nauona muungano wenyewe, maana nimeukuta nyumba nyingi za Tabata, Kinyerezi na Mbagala. Paa la zamani lina upindo uliotokeza nje ya ukuta. Vyumba vipya vinajengwa kwa kugusa ukuta huo, na ili paa lao liingie chini ya upindo, fundi analazimika kulilaza. Mteremko unakuwa mdogo mno. Bati la migongo midogo lisipopata mteremko wa kutosha, maji yanatembea polepole, yanajaa kwenye mifereji yake, na upepo ukiyakuta hivyo unayarudisha nyuma hadi kwenye ncha ya juu ya bati. Ncha hiyo kwako imeishia ukutani, chini ya upindo. Ikivukwa, maji yanaingia juu ya ukuta na kushuka kwenye dari ya mama.

Tena paa hilo dogo halibebi mvua yake peke yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kama upande wa nyuma wa paa la baba una mita za mraba 50, mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar inaweza kuimwaga ndani ya saa chache, inateremsha lita 2,500. Hayo ni madumu 125 ya lita 20, yote yanamwagika kutoka ukingo wa paa kubwa kwenye kipaa kilicholala. Kama hakuna gata kwenye ukingo wa juu, na majani yamejikusanya pale kwenye kona, panakuwa bwawa. Angalia pia kunguru. Wale kunguru wetu wa Dar wanabeba mifupa, vijiti na vipande vya waya, na kona tulivu kama hiyo ndiyo wanayoipenda.

Kwa nini ilianza 2024 na si 2021? Upepo wa wiki ile unaweza kuwa ulinyanyua ncha za mabati na kulegeza misumari. Zaidi ya hapo, bati halitulii. Bati la mita 6 likichemka mchana na kupoa ghafla mvua inapolipiga, urefu wake unabadilika kwa milimita 3 hivi. Linavuta msumari kila siku, mwaka baada ya mwaka, na mpira wa msumari nao unakauka kwa jua mpaka unapasuka. Ndiyo maana ile sementi ya fundi wa tatu haiwezi kudumu: bati linacheza, sementi haichezi. Pita leo na tochi utaona ufa mwembamba kama uzi kati ya sementi na bati, na maji yanashikwa nyuma yake.

Hata hivyo, mwanangu, hayo ni makisio ya mtu aliyekaa mezani. Usinunue kitu kwa sababu nimekisia. Tafuteni tundu kwanza.

Siku ya jua kali, saa sita au saa saba mchana, mtu mmoja apande darini umeme ukiwa umezimwa. Akanyage mbao za kenchi tu, kwani silingi bodi haibebi mtu. Afunge mfuniko nyuma yake, akae kimya gizani dakika tano bila kuwasha tochi. Macho yakizoea, kila penye uwazi patang'aa kama nyota. Kila nyota achomeke kipande cha waya kitokeze juu ya bati, ili wa nje akipanda aone waya badala ya kubahatisha. Kisha awashe tochi na afuate mbao kuanzia juu ya taa kupanda juu, akitafuta mistari meusi, mbao iliyobadilika rangi, msumari wenye machozi ya kutu. Mistari hiyo ndiyo barabara ya maji. Aiandike kwa chaki.

Lakini uwazi uliofichwa chini ya upindo hautaonyesha nyota, kwa hiyo mtahitaji mpira wa maji. Mmoja nje kwenye ngazi, mmoja darini na tochi, wasikilizane. Wa nje aanze chini kabisa, kwenye malaliano ya kipaa kipya, aache maji yatiririke dakika kumi hadi kumi na tano mahali pamoja. Kimya ndani? Apande hatua moja. Hivyo hivyo mpaka afike kwenye muungano wa ukuta, na hapo aelekeze maji kwa ulalo, kutokea kusi, kama mvua yenyewe inavyokuja. Akitoka hapo ndipo aende paa la juu, na kofia iwe ya mwisho. Mafundi wengi wanaanzia juu kwa kuwa ndiko wanakopenda kusimama. Ukianzia juu maji yanapita kila mahali kwa wakati mmoja, na yakidondoka ndani hujui ni tundu lipi kati ya kumi limekosa. Wa darini akipiga kelele, fungeni maji, wekeni alama, pimeni kutoka ukuta wa nyuma na ukuta wa ubavuni.

Kabla ya siku hiyo mvua nyingine inaweza kuja. Asipande mtu juu ya bati lililolowa, hata kama maji yanamwagika kitandani. Bati lenye maji ni sabuni, na usiku huo sakiti ile ibaki imezimwa. Darini, juu ya mbao mbili, unaweza kulaza ubao na kuweka beseni pana chini ya njia ya maji. Mtalimwaga mvua ikikatika. Dari ikianza kuvimba kama tumbo, simama pembeni, weka ndoo, toboa katikati ya uvimbe kwa bisibisi. Tundu dogo linazibika baadaye, ila dari ikijaa inaporomoka yote kwa uzito. Na lile tone linalorukia huku na huku, lifungie uzi wa pamba kwenye tundu uning'inie hadi ndani ya ndoo. Maji yatashuka na uzi bila sauti, na mama atapata usingizi huko sebuleni.

Mkikuta ni ule muungano, kazi yake ni kukunja bati, si kupaka. Sementi yote itolewe. Ncha za juu za mabati ya kipaa zikunjwe kusimama kidogo, kisha liwekwe bati bapa lililokunjwa pembe: mguu mmoja uingie kwenye mchirizi uliochongwa ukutani, mguu mwingine ulale juu ya mabati angalau sentimita 20. Kama fundi anaweza kukinyanyua kipaa kipate mteremko zaidi, ni bora, ingawa gharama inapanda na wapangaji watasumbuka. Ukingo wa paa la baba uwekewe gata yenye bomba la kushusha maji moja kwa moja chini, yale madumu 125 yasipite tena juu ya wapangaji. Misumari iliyolegea ing'olewe na mahali pake ziingie skrubu nene kidogo zenye mpira, juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye mfereji. Zikazwe mpaka mpira ubonyee, basi. Ukizidisha mpira unapasuka siku hiyohiyo.

Silikoni ina kazi ndogo, kuziba mchirizi wa ukutani. Mwambie fundi aifungue uinuse. Inayonuka siki inatoa asidi inayokula zinki ya bati, uikatae, kuna isiyonuka. Na akate bati kwa mkasi. Grainda inarusha chembe za moto zinazonata kwenye bati na kugeuka vidoa vya kutu masika inayofuata.

Je, paa zima limechoka? Chukua bisibisi, usukume kwa nguvu ya kidole kwenye sehemu tatu nne zenye kutu. Ikipenya kama kwenye biskuti, fundi wa tatu alikuwa na haki na muanze kujipanga polepole. Ikigoma, na papi ukizigonga zinalia ngumu, geji 28 ya baba bado ina miaka. Hata ungekuwa nazo hizo milioni tano na nusu, ukabadili mabati yote na kuuacha muungano ulivyo, mvua ya kwanza ya kusi ingekukuta na mabati mapya na beseni lilelile.

Kwa fundi atakayekuja, kubalianeni kazi mbili kwa malipo mawili. Kwanza kutafuta: akuonyeshe tundu kwa waya au kwa maji, ulione kwa macho yako. Pili kutengeneza, na sehemu ya hela yake ibaki mkononi mwako mpaka mpira wa maji upite tena palepale na darini pabaki pakavu. Fundi anayejiamini hakasirishwi na sharti hilo.

Sasa kaka yako. Nimeliacha mwisho lakini limenikaa moyoni. Yeye alijenga ili nyumba iingize kitu, pengine ndiyo inayonunua dawa za mama, na fundi aliyelaza kipaa kile hakumweleza lolote kuhusu mteremko. Ukimpigia na neno "vyumba vyako", atasikia kesi. Mpigie mwambie swichi ya chumba cha mama imekushika, maana ndiyo kweli. Mwambie Jumapili unataka mtu wa kukaa darini na tochi wakati wewe unashika mpira nje, na humwamini mwingine kukanyaga mbao za baba. Akisikia maji yanapoingilia kwa masikio yake, hutahitaji kumweleza ni vyumba vya nani.

Na mama usimvute atoke kwa nguvu. Mwombe akukabidhi chumba wiki mbili kikatengenezwe, na nguo zake zibaki kwenye kabati lake huko huko, limesogezwa ukuta wa mbele. Atajua anarudi.

Mkishapata alama, niandikie vipimo viwili: umbali kutoka ukuta wa nyuma, na tofauti ya kimo kati ya ncha ya juu ya kipaa na ukingo wake wa chini. Nitakuchorea jinsi lile bati la pembe litakavyokunjwa, mchoro huo umpe fundi.